Kuganda maana yake hasa ni nini? Mwanangu kapata kosa kwa kuandika kwamba maziwa huganda

#1 MamaZuhura_Tanga

Habari za jioni wakuu. Naomba wajuzi wa lugha, wa jikoni, wa hospitali na wa saiti mje hapa, maana jambo hili limenikaa kifuani tangu juzi.

Binti yangu yuko darasa la tano. Kwenye zoezi la sayansi waliulizwa: kuganda ni nini? Toa mfano. Akaandika: "Kuganda ni kitu cha majimaji kushikana mpaka kikawa kizito au kigumu. Mfano ni maziwa yakilala usiku." Kawekewa kosa kwa wino mwekundu. Pembeni mwalimu kaandika kuwa kuganda ni kimiminika kuwa yabisi kwa kupoteza joto, mfano maji kuwa barafu.

Sina ugomvi na mwalimu, na shule siitaji. Ila mtoto kaniuliza, "Mama, kwani bibi alikuwa anauza nini?" Nikakosa la kumjibu, kwa sababu bibi yake aliuza mgando Muheza kwa zaidi ya miaka ishirini, na mimi nimesoma kwa mgando huo.

Niwaeleze nilivyokuwa nikimwona. Jioni maziwa yakishachemka anayaacha yapoe mpaka ukijidondoshea tone mkononi usihisi moto wala ubaridi. Anachota kijiko kimoja cha mgando wa jana, anakizungusha taratibu ndani ya sufuria, anafunika kwa kawa na kitambaa, basi. Hakuna ruhusa ya kugusa tena wala kuisogeza. Alfajiri anaiinamisha sufuria kidogo tu. Yakija yote pamoja kama kitu kimoja na kuachana na ukingo, anasema yameganda. Yakitangulia maji, bado.

Sasa sikilizeni hapa. Miezi ya kaskazi, joto likiwa kali, kabla ya adhana ya alfajiri yameshaganda. Mwezi wa sita na wa saba anaivika sufuria blanketi, na bado wateja wanasubiri mpaka saa nne. Na siku akitaka maziwa yabaki mabichi kwa ajili ya mteja wa chai, anampelekea jirani mwenye friji amwekee. Yaani kwa maziwa, baridi ndiyo inayozuia kuganda! Mtoto akiambiwa kuganda ni kwa sababu ya baridi peke yake, ameambiwa kinyume cha alichokiona kwa macho yake nyumbani.

Neno hili limetoka wapi, na maana yake ya asili ni ipi?

#2 Lugha_Mama

Dada, umegusa penyewe. Nimefundisha sarufi muda mrefu na kitenzi hiki nakipenda sana.

Tuanze na matumizi ambayo hayana majimaji wala baridi. Kupe kamganda ng'ombe. Mtoto anamganda mama yake hataki kushuka. Mtu kamganda mwenzake kama ruba. Hapo *ganda* ni kung'ang'ania, kushika na kutoachia. Watu wengi hudhani ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati, moja la kupe na jingine la maziwa. Mimi nasema ni neno moja.

Ushahidi uko kwenye minyambuliko yake. *Gandama* ni kukaa hali ya kushikamana na kitu, kwa ile *-am-* tunayoiona kwenye inama na kwama. *Gandamana* ni vitu kushikana vyenyewe kwa vyenyewe. *Gandamiza* ni kusukuma kitu kwa uzito mpaka kishikane, na ndiko tulikopata *mgandamizo* wa hewa tunaosikia kwenye taarifa za hali ya hewa. Halafu kuna *gandua*, kubandua kilichoshikana, kama unavyogandua ukoko chini ya sufuria. Pitia orodha yote hiyo: hakuna hata kimoja kinachohitaji baridi. Vyote vinahitaji kushikana.

Kwa hiyo maziwa yaliyoganda ni maziwa ambayo chembe zake zimegandana, zimeng'ang'aniana kama kupe na ng'ombe. Mtoto wako aliandika "kushikana". Huyo mtoto ameisikia lugha vizuri kuliko watu wazima wengi.

#3 MwlSayansi

Dada MamaZuhura, pole, na mwambie binti asivunjike moyo. Mimi nafundisha sayansi shule ya msingi, kwa hiyo naomba nizungumze kwa upande wa mwenzangu aliyeshika kalamu nyekundu.

Darasani tunafundisha hali za maada. Barafu ukiitoa nje inayeyuka, unapata maji yaleyale uliyoanza nayo. Ukiyarudisha kwenye friza yanaganda tena. Inakwenda na kurudi. Mgando je? Upashe moto uone kama utapata maziwa mabichi. Hupati, utapata mabonge na maji ya kijani. Kule ndani kumetokea kitu kingine kabisa: bakteria wamekula sukari ya maziwa na kutoa asidi, na asidi ndiyo imefanya protini zishikane. Maziwa mabichi yana pH ya karibu 6.6 au 6.7. Ikishuka mpaka kama 4.6 protini inayoitwa kaseini haiwezi tena kuelea, inagandamana.

Mambo mawili yenye sababu tofauti, tukiyaita kwa jina moja mtoto wa darasa la tano anachanganyikiwa, na kwenye mtihani anaumia. Mwalimu alikuwa anamlinda.

#4 NesiWaZamu

Nipo kazini lakini mada hii nimeshindwa kuipita.

Kwetu kuganda ni neno la kila saa. Tukitoa damu maabara tunatumia vichupa vya rangi tofauti. Kifuniko cha zambarau ndani kina dawa ya kuzuia damu isigande, kwa sababu tunataka kuhesabu chembe zake. Kile chekundu cha kawaida hakina, tunaiacha igande makusudi ili tupate yale majimaji ya juu. Kichupa kinasimama mezani, kwenye joto la chumba, hakuna friji. Baada ya muda ukikiinamisha damu haitiririki. Imeganda.

Tena niwape jingine. Mtu akiumwa na nyoka na hatujui ni nyoka gani, kuna kipimo rahisi ambacho hata zahanati ya kijijini wanaweza. Unachukua damu kidogo, mililita 2 hivi, unaiweka kwenye chupa ya kioo safi na kavu. Lazima kiwe kioo, siyo plastiki. Unaiacha dakika 20 bila kuitikisa. Kisha unaiinamisha mara moja. Ikibaki kama donge, kuna nafuu. Ikimwagika kama maji, sumu imeharibu uwezo wa damu kuganda na mgonjwa yuko hatarini. Dada MamaZuhura, nilivyosoma mama yako alivyokuwa anainamisha sufuria nimesisimka. Ni mkono uleule!

Na kuhusu baridi: damu huganda vizuri kwenye joto la mwili. Mgonjwa anayetoka damu nyingi akipoa mwili, damu yake inashindwa kuganda, ndiyo maana tunamfunika na kumpa joto. Ni kama blanketi la sufuria.

Ila kuna neno moja msilichanganye. Damu *kuvilia* siyo damu kuganda. Ukigongwa paja likawa la bluu, damu imevilia: imetoka kwenye mshipa wake ikakusanyika mahali isipotakiwa. Ndugu wa mgonjwa wakituambia "damu imeganda kichwani" inabidi tuulize tena, maana donge lililoziba mshipa na mshipa uliopasuka damu ikavilia ni matatizo mawili, na dawa ya moja inaweza kumuua wa pili. Kwa hilo namuunga mkono mwalimu: jina likikosewa, mtu anaumia.

#5 FundiZege

Wakuu salaam. Sisi wa saiti hatusemi zege limeganda. Tunasema zege *limeshika* au *limekamata*. Kuganda tunakuweka kwa saruji iliyoharibika stoo. Umenunua mifuko, umeilaza sakafuni pasipo mbao, unyevu umepanda, baada ya miezi miwili unafungua unakuta mabonge. Hiyo ndiyo imeganda, na usijaribu kuiponda ukajengee nguzo.

Yaani kushika ni kwa heri, kuganda ni kwa shari. Angalau kwa sisi mafundi.

Na mjue zege halishiki kwa kukauka kama wengi wanavyofikiri. Linashika kwa sababu saruji na maji vinaungana, na likiwa linashika linatoa joto. Weka kiganja juu ya msingi mnene kesho yake asubuhi utalihisi. Ndiyo maana tunalimwagilia maji siku saba na zaidi, na nguvu yake tunaipima siku ya 28. Mwenye nyumba akiniambia "fundi acha likauke," namwambia bosi, likikauka mapema limekufa.

Kuna msemo wetu unajulikana nchi nzima: zege halilali. Likishachanganywa lazima limwagwe leo leo, kwa sababu likilala linashikia kwenye toroli. Maziwa ya dada ni kinyume, yenyewe bila kulala hayawi kitu.

#6 MwanaIten

Nawasalimu kutoka Iten. Fundi amenikumbusha: huku Kenya jina lenyewe ni *maziwa lala*. Yaani maziwa yaliyolala, na siku hizi madukani wameyafupisha yakawa *mala*. Kwa hiyo mtoto wa mama Zuhura alipoandika "maziwa yakilala usiku" alikuwa anaongea Kiswahili cha Kenya bila kujua.

Sisi Wakalenjin tuna *mursik*. Kibuyu kinasuguliwa ndani kwa kaa la mti unaoitwa *senetwet*, mpaka ndani kunakuwa na majivu meusi laini, ndipo maziwa yanatiwa na kufungwa kwa siku kadhaa. Yakitoka yana mistari ya kijivu na harufu ya moshi. Mkimbiaji akirudi na medali anapokelewa nayo uwanja wa ndege. Wamaasai nao wana yao, *kule naoto*.

Swali langu: kule Tanzania *mtindi* na *mgando* ni kitu kimoja?

#7 MamaZuhura_Tanga

Karibu sana kaka wa Iten. Siku hizi madukani ni kimoja, pakiti imeandikwa mtindi na ndani ni mgando. Ila mama alikuwa mkali juu ya hilo. Kwake mgando ni maziwa yaliyoganda, yakakaa vilevile, unayala kwa kijiko. Mtindi ni yale yanayobaki ukishasuka maziwa kwenye kibuyu na kutoa siagi: mepesi, ya kunywa, machachu. Mteja akija akisema "nipe mtindi" huku anaonyesha sufuria ya mgando, alimsahihisha kwa upole kabla ya kumpimia.

Nesi, asante kwa hilo la chupa. Nimemsomea binti, kaniomba nimsomee tena.

#8 Msafiri_Njombe

Mimi ni mtu wa Pangani, kazi imenileta Njombe. Mwaka wa kwanza nilikuja na chupa ya lita moja ya mafuta ya nazi aliyokamua shangazi, kwa nywele za mke wangu na kwa kupikia. Asubuhi ya kwanza nimeikuta nyeupe pe, ngumu, nimeipindua haidondoki hata tone. Nilidhani nimeuziwa samli. Nikampigia shangazi kwa hasira, akaniambia, "Yameganda mwanangu, yaanike juani."

Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Njombe mwezi wa saba hata mchana hatufiki huko, kwa hiyo msimu huo tunayachota kwa kijiko. Na shangazi ananiambia hata Pangani, alfajiri za mwezi wa saba, chupa huwa na wingu jeupe chini. Kwa hiyo mwalimu, watu wa pwani kuganda kwa baridi tulikujua zamani bila friji. Tena huku kunarudi kama barafu yako: jua likitoka, mafuta ni yaleyale.

#9 UstadhMsomaji

Assalaam alaykum. Mwalimu wa lugha pale juu amesema jambo ambalo limenirudisha darasani kwangu.

Katika Kiarabu mzizi *ayn-lam-qaf* maana yake ni kuning'inia na kushikamana na kitu. Kutokana nao tunapata *'alaq*, neno lililomo mwanzoni mwa sura ya 96, ambalo wafasiri wetu wengi wa Kiswahili wamelieleza kuwa pande la damu. Na *'alaq* hilohilo kwa Kiarabu ni ruba, yule mdudu wa majini anayenyonya damu. Sasa tazameni: Waarabu wana neno moja kwa kushikamana, kwa damu iliyoganda na kwa ruba. Sisi nasi tunasema damu *imeganda*, na mtu *kamganda* kama ruba. Lugha mbili zisizo na asili moja zimepita njia moja. Kwangu huu ni ushahidi kwamba maana hizi mbili hukaa pamoja katika akili ya binadamu, hazikukutana kwa bahati.

Kiarabu kina neno jingine, *jamada*, kuganda na kuwa kigumu, nalo limeingia kwetu kwa umbo la *jamidi*, ingawa leo halisikiki sana midomoni. Wataalamu wa Kiarabu husema ndilo lililozaa majina ya miezi ya Jumada, ambayo sisi pwani huihesabu Mfunguo Nane na Mfunguo Tisa. Maelezo yao ni kwamba miezi hiyo ilipopewa majina iliangukia msimu ambao maji huganda. Hapo ndipo utaona tofauti: *jamada* inabeba ukavu na ugumu, *ganda* yetu inabeba kushikana.

#10 Lugha_Mama

Wa alaykum salaam ustadh. Nakushukuru kwa hilo la ruba, sikuwa nimelifikiria.

Naongezea la historia. Mswahili wa karne nyingi zilizopita, wa Kilwa au wa Lamu, aliona nini kikiganda? Maji hapana, maana pwani maji hayagandi. Aliona maziwa, damu, samli, mafuta ya nazi, asali. Aliona utomvu. Kumbukeni *sandarusi*: utomvu wa mti wa msandarusi uliotoka kwenye gome, ukagandamana, ukazikwa ardhini miaka kwa miaka mpaka ukawa kama kioo, mara nyingine na mdudu amenaswa ndani. Watu wa Mrima waliuchimba, na karne ya 19 ulisafirishwa kutoka Zanzibar hadi Salem, Marekani, kwenda kutengenezwa vanishi.

Barafu ilikuja baadaye, na jina lake lilikuja na wageni: ni neno la Kiajemi, *barf*, theluji. *Theluji* yenyewe ni Kiarabu. Mwaka 1848 Johannes Rebmann alipouona weupe juu ya Kilimanjaro akamuuliza kiongozi wa safari ni nini, yule alimjibu tu kuwa ni baridi. Jina la kitu alikuwa hana. Lakini barafu ilipofika mjini na mashine zake, hakuna aliyehangaika kutafuta kitenzi. Maji *yameganda*. Kitenzi kilikuwepo tayari, kimezoea maziwa na damu. Kwa hiyo kwa umri, mfano wa Zuhura ni mkubwa kuliko mfano wa kitabu. Barafu ndiyo mgeni.

Hata wafasiri wa Biblia walilisikia hivyo. Katika tafsiri ya Muungano, wimbo wa Musa, Kutoka 15:8, vilindi vya bahari *vikagandamana*, na kilichovigandamanisha hapo ni upepo. Ayubu 10:10 kuna *kunigandisha*, na kinacholinganishwa ni jibini.

#11 Kijana_wa_Temeke

Samahani wakubwa, na *ganda* la chungwa je? Ganda la yai? Na *gando* la kaa? Yote yanatoka humo humo?

#12 Lugha_Mama

Swali zuri kijana. Gando la kaa hushika kisiachie, na ganda la yai limeshikana na yai, kwa hiyo inavutia kuyaunganisha. Ila mfanano wa sauti peke yake hautoshi. *Mganda* wa ngano nao unafanana, *Mganda* wa Kampala naye anafanana, tukifuata sauti tutafika popote. Gandama, gandamana, gandisha na gandua zina uzi unaoonekana, kiambishi kwa kiambishi. Hizo ndizo nazisimamia. Hali kadhalika msichanganye *gandamiza* na *kandamiza*: siku hizi watu hupishanisha, lakini *kanda* ni ya unga na misuli. Tunasema ukandamizaji wa raia, tunasema mgandamizo wa hewa.

#13 Mtu_wa_Rubavu

Kwetu Kinyarwanda ni hivyohivyo. Tunasema *kuvura*: maziwa na damu vyote vinatumia kitenzi hicho kimoja. Kuganda kwa damu hospitalini ni *kuvura kw'amaraso*. Na kitenzi kinachofanana nacho ni kumtibu mtu. Maziwa yenyewe ya mgando tunayaita *ikivuguto*.

#14 BintiMakunduchi

Wanaume na walimu mmesema, sasa nipisheni jikoni, maana humo ndimo maneno haya yanamoishi.

Jikoni kwetu Unguja hatuna neno moja la kitu kuwa kizito. Kila kitu kina lake, na ukikosea bibi anakucheka. Mchuzi huwa *mzito*, ukizidi una *rojo*. Ugali *hukaza*. Shira *hushika*, na unaijua imeshika ukiivuta kati ya vidole viwili ikafanya uzi. Ukishamimina visheti ndani na kupepeta haraka haraka, shira *huganda* juu yake, inakuwa nyeupe kama chokaa. Halua *hukolea*: unakoroga wanga, sukari na samli kwa mwiko mrefu saa nzima na zaidi, mkono unakufa ganzi, mpaka inaachana na sufuria na samli inaanza kutoka pembeni. Ukiitoa kabla haijakolea, kesho ni uji.

Na tui. Tui haligandi, tui *hukatika*. Ukiliacha lichemke bila kukoroga linaachana, maji huku, mafuta huku, mchuzi unakuwa na chengachenga. Maziwa ya zamani ukiyapasha kwa chai nayo hukatika. Sasa mwalimu tazama hapo, jikoni tumeshatofautisha bila kitabu: maziwa *yameganda* ni mazima, yamelala pamoja, unayasifu. Maziwa *yamekatika* yameachana, umepata hasara. Yote mawili ni asidi ileile uliyoitaja na protini ileile! Tofauti ni kama yalishikana yote kwa utulivu au yalivunjika kwa moto na kukorogwa. Ndiyo maana mama wa Muheza alikataza kugusa sufuria.

La mwisho. Mnajua mwani? Kina mama wa Paje na Jambiani wanaulima tangu 1989, wanafunga vipande kwenye kamba maji yakitoka, jua kichwani, chumvi mikononi. Unakwenda nje, huko wanatoa ndani yake kitu cha kuvipa vitu uzito: aiskrimu, dawa ya meno. Mwani wa Unguja unagandisha vitu vya dunia nzima, na mkulima wake anaujua kwa bei ya kilo peke yake. Mimi hilo linaniuma.

#15 MwlSayansi

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Binti wa Makunduchi, hilo la kuganda na kukatika nitalitumia darasani, ruhusa naomba.

Nakubali hivi: swali lilivyoulizwa, "kuganda ni nini", jibu la mtoto ni sahihi kwa Kiswahili. Kosa liko kwenye swali. Lingeulizwa "maji hugandaje kuwa barafu", au "eleza kuganda kama badiliko la hali ya maada", pasingekuwa na utata. Sisi walimu tunachukua neno la watu, tunalibana kwenye maana moja ya somo, halafu tunasahau kuwaambia watoto kwamba tumelibana. Kubana lazima tubane, nesi ametuonyesha kwa nini. Lakini kusema mtoto kakosea ni jambo jingine.

Dada, kama mwalimu wake atakubali, mpe binti afanye jaribio la vikombe viwili vya maziwa yaliyotiwa kijiko cha mgando, kimoja kwenye friji, kimoja mezani. Na chupa ya mafuta ya nazi kwenye friji. Aandike saa.

#16 MamaZuhura_Tanga

Nimerudi wapendwa. Tumefanya.

Juzi saa kumi na mbili jioni Zuhura aliweka vikombe viwili, kijiko kimoja kimoja cha mgando ndani. Kimoja friji ya chini, kimoja mezani chini ya kawa. Mafuta ya nazi nusu chupa nayo friji ya chini. Alikataa kulala mapema, nikamruhusu mpaka saa nne.

Saa moja usiku mafuta yalishaanza utando mweupe pembeni. Kabla ya saa nne ni jiwe. Vikombe vyote bado maji. Asubuhi saa kumi na moja na nusu ameniamsha yeye. Cha mezani kakiinamisha mwenyewe, taratibu, kama nilivyomwonyesha, yakaja yote pamoja. Cha friji yakamwagika kama yalivyotiwa. Chupa ya mafuta tukaiweka dirishani, ilipofika saa tatu imeshakuwa maji tena.

Ameandika kwenye daftari: "Mafuta yameganda kwa baridi na yamerudi. Maziwa yameganda kwa joto na hayarudi. Yote yameshikana." Sikumsaidia hata neno.

Nilikwenda shuleni mchana. Mwalimu wake ni binti mdogo, mwungwana, alisoma daftari amesimama mlangoni, akalisoma tena. Akaniambia jibu la mtihani litabaki la kitabu, hana mamlaka ya kulibadilisha, na amemweleza Zuhura hivyo mbele yangu. Ila kosa la zoezi amelifuta, na Jumatatu amempa dakika kumi aonyeshe darasani.

Mgando wa kuonyesha ameutega leo jioni kwenye kibakuli cha bibi yake chenye ua la bluu. Nimemwambia tutakifunga kwa kanga na atakipakata yeye mwenyewe kwenye daladala, mikono miwili, asikitikise.